Mheshimiwa Alifanya Nini Jumanne?

Bunge la Taifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa wabunge wengi hurudi mashinani, na hapo ndipo taarifa huanza kumiminika kwenye grupu ya WhatsApp ya eneobunge letu. Mheshimiwa akikabidhi tangi la maji. Mheshimiwa mazishini. Mheshimiwa ameshika ncha moja ya cheki ya basari kubwa kama mlango, mwalimu mkuu ameshika ncha ya pili, na wanafunzi wamesimama katikati wakikunja macho kwa jua. Jumatatu jioni huja ya mwisho, ya kutuaga: anarudi Nairobi kuendelea kututumikia. Kisha kimya mpaka Ijumaa.

Nimeirudia hiyo grupu mara nyingi, nikisoma siku za Juni 2024 moja baada ya nyingine. Alhamisi tarehe 20, Mswada wa Fedha ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili: wabunge 204 waliuunga mkono, 115 wakaupinga. Jumanne tarehe 25 ukapita mara ya tatu, 195 kwa 106. Muda mfupi baada ya kura hiyo waandamanaji waliingia bungeni, na vijana wa rika langu wakapigwa risasi nje ya yale majengo. Kati ya Alhamisi ile na Jumanne ile, grupu yetu ilipokea tangi moja, mazishi mawili, harambee ya kanisa na cheki. Kuhusu mswada, hata neno moja. Kwamba mbunge wetu alipiga kura ya ndiyo nilikuja kulijua kwenye orodha iliyokuwa inasambazwa na watu wasiomjua hata kwa sura.

Swali langu si kama alipiga kura vizuri au vibaya. Hilo tumelijadili mpaka koo zikakauka. Swali langu ni dogo na linanisumbua zaidi. Kila kitu kwenye zile taarifa kilikuwa kweli. Tangi lipo, nimechota maji yake. Marehemu walizikwa kweli. Cheki ilikuwa na pesa. Sasa mtu akikwambia mambo matano ya kweli wiki nzima, na la sita ambalo ndilo uliloomba kuambiwa akalinyamazia, amekudanganya au hajakudanganya?

Wepesi wa kujibu watasema kunyamaza si kusema uongo. Na kweli, mtu hawezi kuambiwa muongo kwa sababu hakukwambia alichokula asubuhi. Lakini kuna watu ambao kazi yao yenyewe ni kukwambia. Fundi akifungua gari lako, akaona breki zimeisha, akakurudishia funguo huku akikusifia rangi ya gari, hutasema alikuwa mkweli kwa kuwa rangi ni nzuri kweli. Uzito wa kimya unategemea nani ananyamaza, na juu ya kitu gani alichopewa akiangalie kwa niaba yako.

Kwa hiyo lazima kwanza tujue mbunge amepewa nini akiangalie. Kifungu cha 95 cha Katiba kinaorodhesha kazi za Bunge la Taifa: kuwakilisha wananchi, kujadili na kutatua mambo yanayowahusu, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa, kuchunguza matumizi ya serikali, kumulika mienendo ya rais na maafisa wa serikali. Nimekisoma hicho kifungu mara kadhaa nikitafuta tangi. Halimo. Tangi lilikuja kwa mlango mwingine, kwa hazina ya CDF iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003, ambayo leo inaitwa NG-CDF na hupewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba mtunga sheria hafai kuwa pia mtekelezaji wa miradi. Wabunge walijibuje? Mwaka 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Ukitaka kujua wanachokipenda katika kazi yao, angalia wanachokipigania.

Na mimi siongei kama mtu aliyekaa mbali na hizo pesa. Nilisoma chuo kikuu mwaka mmoja na nusu. Muhula wa tatu nilipata basari: shilingi elfu tano, kwa karo iliyokuwa mara kadhaa ya hizo. Jina langu liliingia kwenye orodha iliyotumwa kwenye grupu, nambari themanini na kitu, chini ya picha ya mheshimiwa akitabasamu. Mamangu aliniita nione. Shangazi zangu wakaandika "Mungu ambariki mheshimiwa." Nami nikaandika asante, kwa sababu ungeandika nini kingine? Mwisho wa muhula ule nilikuwa nyumbani. Hilo halikuingia kwenye taarifa, na sisemi lingeingia. Ninachosema ni kwamba nimewahi kuwa habari ya mashinani. Nimekuwa ule mstari ambao mbunge anauonyesha kama kazi aliyoifanya, wakati zile elfu tano zilitoka kwenye ushuru wa mamangu anaponunua unga na airtime, zikazunguka Nairobi, zikarudi kwetu zikiwa na sura yake.

Hapo nikaona kitu. Ukipewa taarifa ya zawadi, jibu lenye adabu ni moja tu: asante. Jaribu kuuliza "kwa nini" chini ya picha ya cheki ya basari uone watakavyokushukia, wa kwanza akiwa mama wa mtoto aliyepata. Lakini ukipewa taarifa ya uamuzi, kwamba Jumanne niliunga mkono hili na kulipinga lile, swali la "kwa nini" linakuja lenyewe, na hakuna anayekuona mkosa adabu. Hivyo mbunge anayetupa zawadi tupu kwenye taarifa zake anakuwa ametuchagulia pia la kusema. Labda si uongo. Lakini nadhani ni kitu cha ukoo mmoja na uongo, kwa sababu matokeo yake ni yaleyale: mimi nabaki nje ya jambo linalofanywa kwa jina langu, na nabaki nje huku nikishukuru.

Nina rafiki anayeandika hizi taarifa kwa pesa. Si za mbunge wetu, ni za mwingine. Yeye alimaliza chuo, alisomea mawasiliano, na katika ofisi ya mheshimiwa wake ndiye anayepiga picha, anayeandika maneno, na anayejibu "karibu sana" kwa niaba ya bosi saa sita usiku. Nilimuuliza kwa nini haandiki kuhusu miswada. Akacheka.

"Buda, nishaijaribu. Niliandika posti moja kuhusu mswada, aya nne, safi kabisa. Unajua ilipata laiki ngapi? Kumi na moja. Na mbili ni zangu. Siku iliyofuata nikaweka mheshimiwa akicheza densi na wamama wa chama. Mia nane. Sasa niambie, watu wanataka nini?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Anasema mbunge anatoa kile ambacho soko linanunua. Kama lawama ipo, basi ipo kwetu sisi tunaolaiki densi. Na ni kweli kwamba sisi tunapenda densi. Mimi mwenyewe niliiangalia hiyo ya wamama, mheshimiwa ana kiuno.

Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Juni 2024 haingekuwepo. Watu ambao tuliambiwa hawasomi walisoma mswada wa kodi. Sijui kama kuna maandishi makavu kuliko mswada wa kodi. Walisoma wakausimulia kwa TikTok kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, mtu akikaa kitandani kwake na simu anamwelezea nyanyake kwa Kikamba au Kidholuo kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari ni nini na VAT ya asilimia 16 kwa mkate itafanya nini. Kumbuka miswada yetu huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mawakili zaidi. Kazi hiyo ya kufasiri ilifanywa bure na vijana wasio na kazi, ilhali ilikuwa kazi ya watu 349 wanaolipwa mshahara. Halafu nambari za simu za wabunge zikasambazwa, tukawasalimia. Walipokea maelfu ya jumbe. Wengi wetu hatukuwa tunatukana (wengine walitukana, tuseme ukweli), tulikuwa tunauliza kitu kimoja: utapiga kura gani, na kwa nini? Watu wenye njaa ya densi hawaandiki jumbe za namna hiyo.

Kwa hiyo mimi simwamini rafiki yangu. Naamini zile laiki kumi na moja, lakini pia nimesoma ile posti yake ya aya nne. Ilieleza mswada ulikuwa unahusu nini, nani aliuleta, na kwamba mheshimiwa "alichangia mjadala". Haikusema alichangia upande gani. Hata mimi singeilaiki.

Binamu yangu anaishi nje kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako Wakenya na Wasomali wamejaa hadi unaweza kununua sukuma wiki bila kutumia Kiingereza. Wakati bunge la jimbo linakaa, hupokea barua pepe ya mwakilishi wa eneo lake kila baada ya wiki moja au mbili, na nyingine hunifowadia akijua nina huu ugonjwa. Bunge lao la chini lina wawakilishi 134. Novemba 2024 mmoja wao alichaguliwa akiwa mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi Hiltsley, na sisi huku tukasherehekea kana kwamba tulimpigia kura. Barua ninazozisema si zake, ni za mwingine, na jina halijalishi.

Sitaki kuzipamba. Barua hizo zina picha na watoto wa shule, zina kujisifu, zina "nilipata heshima ya kuzindua". Wanasiasa ni wanasiasa. Lakini ziko hivi: juu kabisa kuna daraja litakalofungwa kwa matengenezo na njia ya kuzungukia, kisha saa mpya za maktaba, kisha mkutano wa wakaazi utafanyika wapi. Halafu miswada. Nambari ya mswada, unafanya nini kwa lugha ya mtu wa kawaida, nilipiga kura gani, sababu yangu. Mara moja aliandika kwamba alikuwa ameuunga mkono mswada fulani kwenye kamati na akaupinga kwenye kura ya mwisho kwa sababu ya kipengele kilichoongezwa katikati. Sentensi mbili. Binamu yangu alikasirika, kwa sababu yeye aliutaka huo mswada. Akamwandikia. Akajibiwa na msaidizi, jibu la kawaida tu, lakini walikuwa wanabishana juu ya kitu kinachojulikana.

Kinachonivutia ni kwamba binamu yangu hana kura. Ana kadi ya ukaazi, uraia bado. Mwakilishi yule hatapoteza chochote akimkosea, na barua inamfikia vilevile. Hilo lilinibadilisha mawazo kidogo. Nilikuwa nafikiri mbunge anatueleza kwa sababu anatuogopa, kwamba maelezo ni bei ya kura. Lakini kama ni hivyo basi mtoto wa miaka kumi na sita hadaiwi maelezo, wala mkimbizi, wala yule aliyepoteza kitambulisho na kukaa miezi akingoja kingine. Na wote hao sheria inawakamata. Nafikiri deni la kueleza linatokana na kukamatwa na sheria, si na kupiga kura. Ukifanya kitu kitakachobadilisha maisha yangu na mimi sina uwezo wa kukizuia, angalau nipe sababu.

Mtu ataniambia Marekani ni Marekani. Sawa. Pia ataniambia wawakilishi wao wana watu wachache, na hilo ni kweli: ukigawanya watu wa Minnesota kwa 134 unapata kama elfu arobaini na kitu kwa kila mmoja. Kwa sensa ya 2019, eneobunge la Kenya lina wastani wa watu elfu mia moja na sitini na kitu. Lakini tuna wadi 1,450, na kila wadi ina wastani wa watu elfu thelathini na tatu hivi na mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Huyo ana watu wachache kuliko yule wa Minnesota. Mwakilishi wadi wako amepiga kura gani mwaka huu? Siulizi kwa kejeli. Wangu simjui kwa sauti, namjua kwa fulana.

Kuna jambo la ndani ya bunge lenyewe ambalo watu wengi hawalijui, na linafanya kimya hiki kuwa kizito zaidi. Kura ile ya Juni 2024 ilikuwa ya majina, ndiyo maana orodha ilipatikana. Mambo mengi bungeni hayaamuliwi hivyo. Spika huuliza, wanaokubali husema ndiyo, wanaokataa husema la, Spika husikiliza na kutangaza nani ameshinda. Majina hurekodiwa tu pale wabunge wa kutosha wanaposimama kudai wahesabiwe. Kwa hiyo kwa sheria nyingi zinazotuongoza, hakuna orodha popote. Hansard itakuonyesha nani alizungumza, haitakuonyesha nani alisema ndiyo akiwa amekaa nyuma. Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo ya kodi yaliyokufa Juni yalirudi kupitia sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, nayo ikatiwa saini. Grupu yetu ilikuwa kwenye mambo ya Krismasi. Ukitaka kujua mbunge wako alisema nini wakati sauti zinakusanywa, shahidi wa kutegemewa ni mmoja tu, na ndiye yule anayekutumia tangi.

Nikiwa mwaka wa kwanza tulifundishwa kuhusu Edmund Burke. Novemba 1774 alichaguliwa mbunge wa Bristol, mji uliokuwa umetajirika kwa biashara ya watumwa, na siku hiyohiyo akawaambia wapiga kura wake kwamba deni lake kwao ni kutumia akili yake, si kutii matakwa yao. Hotuba hiyo ndiyo kinga ya kila mbunge aliyewahi kuwapuuza watu wake. Mbunge si kasuku, tuliambiwa darasani, na mtihani ukaja na swali hilo.

Ambacho hatukuambiwa ni mwaka 1780. Nilikisoma baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo, kwa simu, nikingoja kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa za duka la viatu. Burke alirudi Bristol kuomba kura tena akikuta watu wamemkasirikia. Akasimama ukumbini akapitia malalamiko yao moja baada ya jingine: kwamba hakuwatembelea vya kutosha, kwamba aliunga mkono biashara ya Ireland wakati wafanyabiashara wa Bristol hawakuitaka, kwamba alitaka wadaiwa wasiozewe gerezani, kwamba alitetea Wakatoliki walegezewe sheria. Kwa kila moja akasema nilifanya, na hizi ndizo sababu. Siku chache baadaye aliona atashindwa, akajiondoa. Burke wa 1774 ananukuliwa kila mahali. Mimi namtaka yule wa 1780. Wa kwanza anasema nina haki ya kuamua bila ninyi. Wa pili anaonyesha haki hiyo inagharimu nini, naye akalipa.

Kiswahili kingetusaidia hapa tukikisikiliza. Kuwakilisha linatokana na wakili. Wakili ana ruhusa ya kutumia ujuzi wake bila kukuuliza kila neno, lakini akikubali makosa mahakamani kwa niaba yako na usijue mpaka askari waje, huyo utamshtaki. Neno jingine ni mjumbe, aliyetumwa. Mjumbe hana akili yake katika jambo hilo, anabeba maneno ya waliomtuma. Wanafalsafa wamebishana karne mbili na zaidi mbunge awe yupi kati ya hawa wawili, na mimi naona mabishano hayo yanapita pembeni ya shida yetu, maana wakili na mjumbe wote wawili wanarudi. Ukimtuma mtoto dukani akalete unga, akaja na mkate, mtaongea. Pengine unga ulikuwa umeisha. Pengine alifikiria mkate utafaa zaidi kwa chai, na pengine yuko sawa. Lakini akirudi mikono mitupu, hana unga, hana mkate, hana chenji, anaanza kukuhadithia mpira aliouona njiani, na mpira wenyewe ulichezwa kweli, utamwambia hadithi nzuri? Sisi tumechagua neno la tatu, mheshimiwa, ambalo halimdai mtu arudi na chochote.

Najua pingamizi la mwisho, na ndilo gumu. Sababu zinaweza kutungwa. Mbunge akilazimika kueleza kila kura, atamwajiri rafiki yangu amtungie sababu, na tutakuwa tumebadilisha picha za matangi kwa aya za uongo. Hata zile barua za Minnesota, najuaje kwamba sababu zilizoandikwa ndizo sababu zilizokuwa moyoni? Sijui. Lakini sababu iliyoandikwa inaweza kushikwa mkono. Ukisema Machi uliunga mkono kodi kwa sababu hospitali zinahitaji pesa, Septemba nitauliza hospitali zilipata ngapi. Ukisema ulipinga kwa ajili ya maskini, nitakuangalia kwenye kura inayofuata. Hata uongo ukiwa na umbo unaweza kupimwa. Kimya hakina pa kushika.

Na kuna sababu ambazo zingenishangaza kwa ukweli wake. Baada ya Juni ile, baadhi ya wabunge waliomba msamaha hadharani. Wengine maduka na nyumba zao zilikuwa zimevamiwa, kwa hiyo huwezi kujua nani alijuta na nani aliogopa moto. Ningemsikiliza kwa makini zaidi yule ambaye angesema kabla ya moto: nimepiga kura ya ndiyo kwa sababu chama kiliniambia, na nikikataa eneo letu halitapata barabara. Ni sababu mbaya. Ningemkasirikia. Lakini ningekuwa nimekasirikia kitu halisi, tungeanza kuongea juu ya hicho chama na hiyo barabara, badala ya kila mtu kubaki na tetesi zake.

Kifungu cha 104 cha Katiba kinatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kuisha. Sheria iliyotungwa ya kutekeleza haki hiyo iliwekewa masharti ambayo Mahakama Kuu iliyafuta mwaka 2017, na hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo miaka mitano inabaki mitano, na ndani yake tunachobaki nacho ni kuuliza. Wengine walishatangulia. Mwaka 2005 tovuti ya bunge ilifungwa baada ya wabunge kadhaa kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani, yaani shule walizosoma na kazi walizofanya. Ory Okolloh na Conrad Akunga wakaanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini bungeni. Ilibidi raia wawili waandike taarifa ambayo walipa kodi walikuwa wameshalipia.

Rafiki yangu yule alichoka na mimi. Tulikuwa kibandani, chai na mandazi, akanisukumia simu yake. "Haya, wewe mwandishi. Niandikie hiyo posti unayoitaka. Tumia ile Jumanne."

Niliandika sentensi tatu. Jumanne nilipiga kura ya ndiyo kwa Mswada wa Fedha. Nilifanya hivyo kwa sababu, nikaacha nafasi. Najua wengi wenu mliniandikia mkinitaka nipinge.

Akasoma kimya, akafuta makombo kwenye kioo cha simu. Akasema ya tatu inaweza kupita, inaonyesha mheshimiwa anasikiliza watu. Ya kwanza akapendekeza tuigeuze kidogo, iwe "nilishiriki katika upigaji kura". Nikakataa. Akashuka kwenye ya pili, akakaa hapo muda, kidole kikiwa juu ya ile nafasi tupu.

"Na hii," akaniuliza, "ni lazima iwe?"